Ukurasa Wangu katika Daftari la Vipimo

Katika daftari ninaloandikia vipimo vya wateja wangu hapa Ujiji, upo ukurasa mmoja usiokuwa na kifua, kiuno wala urefu wa gauni. Una safu mbili tu, kushoto na kulia, na tarakimu zilizoanza kuandikwa mwezi Juni mwaka 2022. Ni mzunguko wa mikono yangu miwili: kiganjani, kwenye kifundo, kisha kila baada ya sentimita 10 kupanda hadi karibu na kwapa. Nimeshona nguo za watu kwa zaidi ya miaka 20 nikipima mkono mmoja wa mteja na kuamini kwamba wa pili unafanana nao, na huenda ningeendelea hivyo hadi mwisho kama mikono yangu mwenyewe isingeacha kufanana, kwa sababu ya uvimbe uitwao limfedema.

Mwaka 2021 nilipasuliwa titi la kulia kwa sababu ya saratani, na tezi za kwapani, zile ambazo zikivimba watu husema una mitoki, zikaondolewa pamoja nalo. Baadaye nilipata dawa za dripu na mionzi mbali na nyumbani, mwisho wa safari ya treni ya zaidi ya kilomita 1,200. Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya maelekezo ya kutunza mkono wa upande uliopasuliwa. Niliikunja, nikaiweka chini ya boksi la nyuzi, na sikuisoma, kwa kuwa wakati ule nilitaka kusahau habari zote za hospitali. Kosa hilo ni langu na simlaumu mtu.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye blauzi. Nilikuwa nimejikatia blauzi ya kitenge kwa ajili ya harusi ya mtoto wa wifi yangu, na nilipoivaa mkono wa kulia uligoma kupita chini ya kiwiko. Fundi hushuku kitambaa kwanza, nami nilisema kitenge kimerudi baada ya kufuliwa, ingawa mkono wa kushoto wa blauzi hiyohiyo ulinikaa vizuri. Siku mbili baadaye ndipo nilipochukua futikamba. Sentimita 10 juu ya kifundo, kushoto palikuwa na sentimita 24 na kulia 27.5, sentimita 10 juu ya hapo, 27 kwa 30. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne, alinionyesha kwamba kipande cha mkono kati ya alama hizo mbili kina umbo la ndoo, hivyo ujazo wake unaweza kukokotolewa kama wa ndoo. Alipata mililita 518 upande wa kushoto na 658 upande wa kulia. Katika kipande hicho kimoja tu nilikuwa nimebeba mililita 140 zisizokuwa na kazi, karibu nusu ya chupa ya soda. Mkono anaoutumia mtu kwa kazi huwa mnene kidogo kuliko mwenzake, lakini si kwa kiasi hicho. Kwa kawaida wataalamu huanza kuuita uvimbe wa namna hii limfedema pale tofauti inapofika sentimita mbili katika alama moja, au mililita 200, au asilimia 10 ya mkono mzima.

Nilichokuja kuelewa baadaye kuhusu chanzo chake ni hiki. Damu inapopita katika mishipa midogo huacha majimaji katikati ya nyama, na sehemu ya majimaji hayo, yakiwa na protini, hukusanywa na mishipa ya limfu, ambayo ni myembamba na haina moyo wake wa kuisukuma. Limfu, yaani majimaji hayo yakishaingia katika mishipa hiyo, husogea kwa sababu mishipa yenyewe hujikaza kidogo kidogo, misuli inayofanya kazi huibana, na pumzi huivuta kuelekea kifuani; hupita kwenye tezi, kisha hurudi katika damu karibu na mitulinga. Tezi zikiondolewa na zilizobaki zikikakamazwa na mionzi, njia hupungua, na majimaji yenye protini hubaki mkononi yakivuta maji mengine. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole hubaki kishimo. Ukiacha miaka ipite, mafuta na nyuzi ngumu hujijenga, na kishimo hakionekani tena kwa kuwa mkono umekuwa mgumu. Hupata hali hii takribani mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa saratani ya matiti, na walioondolewa tezi chache za mwanzo tu kwa ajili ya uchunguzi huwa takribani mmoja kati ya 20. Inaweza kuanza baada ya miezi, na inaweza kuanza baada ya miaka.

Kabla sijayajua hayo, mkono wangu ulipita katika mikono ya watu wengi wenye nia njema. Bibi mmoja wa jirani, anayesifika mtaani kwa kuchua waliovunjika na waliozaa, aliuangalia akasema, "Mwanangu, maji haya yamelala, lazima yaamshwe." Akapasha mawese, akanichua kuanzia vidoleni kwenda juu kwa nguvu zake zote, kisha akanikanda kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Kesho yake mkono ulikuwa umeongezeka sentimita moja. Simdharau bibi huyo, kwa maana miguu yangu imewahi kupona mikononi mwake, ila joto hufungua mishipa ya damu na kuongeza majimaji yanayomwagika, na kuchua kwa nguvu kunaweza kuumiza mishipa ileile myembamba iliyobaki. Mwingine alishauri nichanjwe chale ili maji yatoke. Hilo nililikataa kwa woga tu, na woga huo uliniokoa, kwa sababu kila chale ni mlango wa vijidudu katika mkono usio na ulinzi kamili. Nilinunua pia vidonge vya kukojoza, nikakojoa sana, na futikamba haikubadilika: vidonge hivyo huondoa maji, lakini protini inayoyavuta hubaki palepale.

Na wapo walionong'ona kwamba nina matende. Walikuwa karibu na ukweli kuliko wao wenyewe walivyojua. Katika matende minyoo inayoenezwa na mbu ndiyo huharibu mishipa ya limfu. Katika hali yangu ni kisu na mionzi. Njia iliyoziba ni ileile, na ndiyo maana ushauri ambao Shirika la Afya Duniani huutoa kwa wenye matende, yaani kuosha kwa sabuni, kukausha, kuinua kiungo na kukifanyisha mazoezi, unafanana sana na niliokuja kupewa mimi.

Aibu yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya ufundi. Nilisikia kwamba kuna soksi za mkono zinazobana, nikajiambia kwamba soksi haiwezi kumshinda mtu mwenye cherehani. Nilichukua kitambaa cha kuvutika, nikashona mkono mrefu, na ili usiteleze nikatia lastiki ya kiuno juu, karibu na kwapa. Ulikaa vizuri sana. Kufikia jioni kiganja kilikuwa kimeumuka kama andazi na pete haikutoka ila kwa sabuni, kwa sababu lastiki ile ilikuwa imefunga mlango wa juu huku maji yakiendelea kushuka. Mbano unaofaa huwa mkubwa zaidi kifundoni na hupungua taratibu kadiri unavyopanda, nami nilikuwa nimeugeuza juu chini.

Baada ya hapo ndipo nilipoitafuta ile karatasi chini ya boksi la nyuzi. Daktari alinichunguza kwanza kuhakikisha kwamba uvimbe hautokani na damu iliyoganda katika mshipa wala saratani iliyorudi, hatua ambayo haifai kurukwa hata kama mtu ana uhakika wa ugonjwa wake, kisha akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia jijini Dar es Salaam. Nilikaa kwa mdogo wangu wiki tatu, nikihudhuria siku tano kwa wiki. Tiba yenyewe ina sehemu nne zinazokwenda pamoja: kusogeza limfu kwa mikono, kufunga bendeji, mazoezi, na kutunza ngozi. Wadenmaki wawili, Emil Vodder na mkewe Estrid, waliitengeneza ile ya mikono walipokuwa wakifanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930, na baadaye daktari Michael Földi na mkewe Ethel, nchini Ujerumani, wakaiunganisha na nyingine kuwa tiba moja.

Siku ya kwanza nilidhani mtaalamu hajaanza. Alikuwa ananigusa shingoni, juu ya mitulinga, kwa uzito ambao mtu angeutumia kumpapasa mtoto aliyelala. Nilimwuliza kama ataufikia mkono. "Mama, ngozi ndiyo tunayoisogeza, nyama tunaiacha," alinijibu. Kutoka shingoni alikwenda kwapa la kushoto, lile zima, kisha akawa anaivuta ngozi ya kifua kutoka kulia kwenda kushoto, na ubavu kuelekea kinenani, na ndipo akafika begani, kwenye kiwiko, mwisho kabisa kiganjani. Mpangilio huo ulinishangaza kwa kuwa ni kinyume cha ule wa bibi yangu wa mawese, lakini ukishawahi kushuka kwenye treni iliyojaa utauelewa mara moja: wa mlangoni wasiposhuka, kumsukuma wa nyuma ni kumwumiza bure. Pamoja na hayo alinieleza kwa unyofu kwamba tafiti zikiwekwa pamoja, bendeji ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi na mikono yake huongeza kidogo, hasa kwa uvimbe ambao bado haujawa mkubwa. Nilimheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Kuhusu bendeji nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nilipojiona nimerudi nyumbani. Bendeji ya kawaida ya duka la dawa huvutika hata zaidi ya mara mbili ya urefu wake, na ikishafungwa huendelea kujirudisha usiku kucha, ikibana mkono uliolala. Bendeji ya limfedema ni ya pamba na huvutika kidogo tu. Mkono ukitulia, haina nguvu kubwa; mkono ukifanya kazi, misuli hutuna na kugonga ukuta usiotaka kusogea, na limfu iliyo katikati husukumwa. Kwa hiyo mtu aliyefungwa bendeji hiyo kisha akakaa kama mgonjwa anaipoteza nusu ya faida yake. Nilipomweleza mtaalamu kwamba hiyo ni tofauti ya kitambaa cha fulana na kitambaa cha marekani, alicheka, akaniachia roli moja niishike.

Ufungaji wenyewe una tabaka. Kwanza mkono hupakwa mafuta na kuvikwa kitambaa laini cha pamba chenye umbo la bomba. Kisha kila kidole hufungwa kwa bendeji nyembamba, ncha zikiachwa wazi ili rangi yake ionekane. Halafu hufuata pamba nene, na hapa ndipo pana siri, kwa kuwa mvuto uleule wa bendeji hubana zaidi mahali pembamba kuliko pale panene, na mkono uliovimba una mabonde na vilima. Pamba huongezwa kifundoni na kwenye kikunjo cha kiwiko hadi mkono wote ulingane kama jora la kitambaa, na ndipo roli za upana wa sentimita 6, 8 na 10 hupanda kwa mzunguko, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Kubana hakutokani na kuvuta kwa nguvu, bali na wingi wa tabaka. Vidole vikibadilika rangi, vikifa ganzi au vikiuma, bendeji yote hufunguliwa mara moja na kuanzwa upya. Nilijifunza kujifunga kwa mkono wa kushoto, meno yakishika mwanzo wa roli, na ilinichukua siku tisa kuiweza kazi ambayo kwa mtaalamu ilikuwa moja tu ya kazi za kila siku. Siku ya mwisho ya wiki ya tatu, ile alama ya 27.5 ilisoma 25.4.

Ni wakati huo, mkono ukiwa umefika udogo wake, ndipo hupimwa soksi. Ukipimwa ukiwa umevimba utanunua soksi ya kuhifadhi uvimbe. Yangu ina mbano wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu, huvaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku, na ninazo mbili zinazopokezana kwa kuwa hufuliwa kila siku. Baada ya kama miezi sita huwa zimelegea na hubadilishwa. Bei yake si ndogo, na kwa mtu wa kipato cha cherehani moja, kununua jozi mpya mara mbili kwa mwaka ni sawa na kumlipia ada mtoto mwingine. Zipo pia mashine za umeme zinazobana mkono kwa hewa. Nimeziona, sizihitaji.

Mazoezi niliyaogopa kuliko yote. Kwa miaka mingi wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wangu waliambiwa wasibebe kitu, nami nilikuwa nimeacha kukoroga ugali, nimeacha hata kushika pasi ya mkaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani uliwahusisha wanawake 141 wenye limfedema, nusu wakiinua vyuma mara mbili kwa wiki huku uzito ukiongezwa polepole. Mwisho wa mwaka mikono ya waliofanya mazoezi haikuwa imevimba zaidi ya ya wenzao, nguvu zao zilikuwa zimeongezeka, na waliopatwa na vipindi vya uvimbe kuzidi walikuwa asilimia 14, dhidi ya 29 ya wasioinua. Kabla ya hapo, mwaka 1996, daktari Don McKenzie wa Vancouver, nchini Kanada, aliwapandisha wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti katika mtumbwi wa mashindano, wakapiga makasia msimu mzima, na hakuna aliyepata uvimbe mpya wala aliyezidiwa. Habari hiyo niliisoma nikiwa nimekaa mahali ambapo Ziwa Tanganyika linaonekana, nikacheka peke yangu, kwa maana hapa kwetu kasia ni la wanaume na fungu letu ni kuanika dagaa.

Mimi sikupata vyuma wala mtumbwi. Nilianza na chupa ya maji ya nusu lita, yaani nusu kilo, soksi ikiwa mkononi: kukunja kiwiko, kuinua pembeni, kusukuma juu, mara kumi kila moja, na kati yake kuvuta pumzi hadi tumboni. Wiki chache bila uvimbe kuongezeka, nikapanda chupa ya lita moja, kisha ya lita moja na nusu. Ugali nimeurudia, ingawa ule wa muhogo wa watu kumi bado namwachia binti yangu.

Ngozi ndiyo iliyokuja kunifundisha kwa ukali. Machi 2023, mvua zikiwa zimekolea, nilijichoma sindano katika kidole cha kulia nikiwa nashona vifungo, jambo ambalo fundi halihesabu hata kama ajali. Jioni nilitetemeka kwa baridi, na kufikia usiku wa manane mkono ulikuwa wa moto na unauma hadi begani. Nilikuwa nimeambiwa nitazame wekundu, lakini ngozi yangu ni nyeusi na sikuona wekundu wowote. Niliona imekuwa nyeusi zaidi, imenyooka na inang'aa. Hayo ni maambukizi ya ngozi ambayo hayasubiri asubuhi ya Jumatatu. Nilipewa antibayotiki, na bendeji, soksi na kusogeza limfu vyote vikasimamishwa hadi homa ilipokwisha na maumivu yakapungua. Alama ya 25.4 ilipanda hadi 29, na ilichukua miezi minne kuirudisha chini ya 26. Tangu siku hiyo sishiki sindano bila subana, nasafisha samaki wa migebuka kwa glovu, nalala ndani ya chandarua, na kila nikioga nakausha katikati ya vidole kabla ya kupaka mafuta.

Kuhusu kupimwa presha na kuchomwa sindano za hospitali katika mkono huo, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na madaktari wa hospitali ya Massachusetts General, nchini Marekani, haukuona kwamba mambo hayo yanaongeza uvimbe, ila uliona hatari kwa wenye uzito mkubwa na waliopata maambukizi ya ngozi. Naamini matokeo hayo. Bado natoa mkono wa kushoto, kwa kuwa upo.

Jumapili iliyopita ukurasa wangu ulisoma 24 kwa 25.2. Haujawahi kusoma 24 kwa 24, na sitarajii usome hivyo.

Wiki hiyohiyo alikuja mteja kutoka Mwandiga akiwa na kitenge na ombi aliloanza kulieleza kwa kuzungukazunguka: alitaka blauzi ambayo mkono wake mmoja umepanuliwa kidogo, kwa sababu mafundi wengine wamekuwa wakimkosea. Nilimpima yote miwili. Nilimwuliza kama amewahi kupasuliwa, akanyamaza kwanza, kisha akafungua kifungo cha juu akanionyesha kovu. Nilivua soksi yangu nikamwonyesha mkono, nikamwandikia katika kipande cha karatasi mahali pa kuanzia, na la kwanza lilikuwa kuchunguzwa na daktari. Blauzi yake nimeikata jana: mkono wa kulia una sentimita tatu zaidi ya wa kushoto, na ndani ya mshono wake nimeacha akiba pana ya kitambaa, ili siku atakapotaka upunguzwe usilazimike kufumuliwa wote.